Koti Kwenye Ngazi

Kuvu haina tumbo.
Ikiona chakula hukitemea mate,
hungoja kilainike nje ya mwili wake,
ndipo inywe.
Mate hayo ndiyo tunayoyauza.

Huko yanakotoka kuna mapipa ya chuma
marefu kuliko mnara wa kanisa letu.
Kuvu hulishwa sukari na hewa usiku kucha,
kisha huuawa, mate yakachujwa, yakakaushwa,
yakawa unga wa rangi ya maziwa yaliyolala.
Makó hutufikia ndani ya ndoo nyeupe
yenye picha ya suke la ngano
na onyo la herufi zisizosomeka bila miwani.

Gramu tano kwa kilo mia.
Ukizidisha, mkate hunatia kisu;
ukipunja, hukauka kabla mteja hajafika nyumbani.
Mizani ilikuwa ya Etelka Bodor, miaka kumi na mmoja.
Alichota kijiko kimoja tu, namba ikasimama.

Zilianza chafya, tukacheka.
Tukasema vitunguu vya mji huu vimemfuata mpaka kazini.
Kisha macho. Kisha kikohozi cha Jumatatu
kilichopona Jumapili
kama mfanyakazi anayejua zamu yake.
Halafu usiku kifua kikaanza kupiga mbinja.

Hospitalini walimdondoshea matone manne mkononi,
wakachoma kila tone kwa ncha ya sindano:
paka, vumbi la nyumba, ngano, na letu.
Paka, kimya.
Vumbi, kimya.
Ngano, kiwekundu cha kutafuta.
Letu likavimba kana kwamba nyuki amepita.

"Mwili umekwisha kulijua jina lake," alisema daktari,
"nao hausahau."
Etelka akauliza habari za wanaokula mkate.
"Tanuri huimaliza nguvu yake.
Anayeumia ni anayepima."

Mashine ya kufyonza vumbi ilikuwa na bomba lililopasuka,
limefungwa utepe tangu Pasaka.
Si mimi niliyelifunga.
Si mimi niliyelisema, vilevile.

Kiti kikabaki wazi. Nikakikalia mimi, Gergő,
kwa nyongeza inayotosha kuni za Januari.

Sina ugomvi na kuvu.
Jinzi niliyovaa imelainishwa kwa mate ya namna hiyo,
juisi ya tufaha ya binti yangu imetakaswa nayo
mpaka unamwona mwenzako ng'ambo ya glasi.
Yenyewe ilikuwa ikijitafutia riziki
juu ya jani lililooza, chini, penye unyevu.
Sisi ndio tuliokausha mate yake
tukayapa mabawa.

Jumamosi nilipanda kwa Etelka, ghorofa ya tatu,
na mtungi wa figili za siki kutoka kwa mke wangu.
Akasema nami kupitia upenyo wa mlango:
"Vua koti. Liache ngazini.
Na sweta."
Kikulacho ki nguoni mwako: sijapata kuyasikia maneno hayo
yakiwa na maana ya nguo hasa.

Mkate wake ni unga, maji, chumvi, na chachu.
"Nayo ni kuvu," alisema, "ila hii tumezoeana."
Wa juzi, mgumu kama kwato.
Aliegemea kisu kwa uzito wake wote,
akapumzika, akahesabu pumzi,
akakata kipande cha pili.
Nilinyoosha mkono nimsaidie; akanitazama, nikaurudisha.
Tukachovya kwenye supu bila haraka.
Aliuliza habari za bomba.
Nikamwambia utepe ni mpya.

Sikumwambia habari ya Jumanne,
wala ya leso iliyokuwa mfukoni mwa lile koti.

Niliposhuka, koti lilikuwa linaning'inia kwenye chuma cha ngazi,
mabega yamejaa, kana kwamba kuna mtu ndani.
Nikalivaa.
Chafya ya kwanza niliimeza.
Ya pili, ya tatu, zikaipanda ngazi zenyewe.

Nikasimama tuli.
Huko juu, komeo likafunguliwa polepole.